Mtu wa Kofia ya Kijani

Macho hayana pazia, husema watu.
Kamera yangu inalo, tena lina kwikwi:
nikibonyeza sasa, linafunguka baadaye kidogo.
Ndiyo maana miaka kumi na mmoja
nimekuwa mpiga picha wa kilichokwisha kupita:
mkia wa farasi, si farasi;
moshi wa trekta, gurudumu la nyuma;
nyandu aliyeacha miguu ukingoni mwa fremu
kama suruali iliyoanikwa.

Naishi Paysandú. Ng'ambo ya mto ni Argentina.
Siku za kazi namshikia daktari wa meno koleo na pamba,
nawaambia watu, "Fungua, fungua zaidi, usiogope."
Jumapili naiambia lenzi maneno yale yale.

Kila Oktoba magari makongwe hufanya gwaride,
Ford za babu za watu, zimepakwa rangi ya maziwa,
zikikohoa kutoka kiwanda cha ngozi
hadi stesheni isiyo na treni.
Don Eustaquio Larrosa huja na lori lake la mikate,
breki zake ni za kubahatisha,
basi hupiga honi kuomba radhi kabla ya kosa.
Bibi Odila humvisha mbwa wake miwani ya dereva.
Mbwa hutazama mbele, kama mwenye leseni.

Wakimaliza, mimi hushuka mtoni kuwavizia kapibara,
panya wakubwa kama mbuzi,
wanaokaa majini kwa utulivu wa mahakimu
walioahirisha kesi.
Hao tu ndio hulingoja pazia langu.

Mwaka huu mvua ya Julai iliingia kabatini.
Nikazianika picha sebuleni, kwenye kamba,
kwa vibanio vya nguo, mwaka baada ya mwaka,
na katika kuzifuta nikamwona.

Kofia ya kijani, nyuma ya bendi ya zimamoto.
Mwaka uliofuata, kando ya mkokoteni wa bisi.
Mwaka wa mafuriko, kavaa mabuti ya mpira.
Mahali ni pale pale, upande wa pili wa barabara,
chini ya saa ya duka la dawa,
na uso hauonekani kamwe:
penye uso pana kamera.
Nilihesabu. Mara tisa.

Nikakaa chini, kibanio mkononi.
Mara tisa nilimlenga bila kujua,
na mara tisa alikuwa amenielekea.
Basi zipo, katika nyumba nisiyoijua mlango,
labda ndani ya kopo la biskuti:
mimi na gauni la bluu kabla halijachanika,
mimi na mama, mwaka aliokuja kwa miguu yake,
mimi na mama juu ya kiti cha kukunja,
mimi.

Mama alikuwa akisimama kushoto kwangu,
akinishikia kifuniko cha lenzi mfukoni.
Sina picha yake ya gwaride, hata moja.
Nilikuwa nashughulikia magari.
Yule anayo.

Oktoba ikafika. Zile tisa nikazitia kwenye bahasha, nikaenda.
Chini ya saa palikuwa na kijana anakula bisi.
Nikamuuliza, kofia ya kijani?
Akageuka nyuma, akatazama ukuta, akanigeukia tena,
akaninyoshea bisi.

Lori la Don Eustaquio likapita, likaomba radhi.
Sikupiga.
Huenda kahama kona. Huenda yuko ghorofani, dirishani.
Huenda kofia imechakaa, nami simjui kwa lingine lolote.
Nikarudi upande wangu.
Nikaishusha kamera, uso ukapigwa na upepo,
nikasimama pale nisimamapo siku zote,
nikaacha nafasi kidogo upande wa kushoto,
na nikajitahidi, mpaka gari la mwisho,
nisitikisike.